Akida, Liwali na Jemadari: Vyeo vya Roma na Watu Walioviogopa

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wazee wangu mliokaa hapa mbele, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kwa kuwa viti vimekwisha: asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, na kwa asiye huku wala kule, habari za jioni.

Mwenyekiti aliponiomba nizungumzie majemadari na vyeo vya serikali katika Roma ya kale, alinipa saa moja. Nikamwambia, mzee, vyeo vyenyewe nikivisoma tu kama ninaita mahudhurio darasani vitakula nusu saa, na watu watasinzia. Kwa hiyo sitavisoma vyote. Nitachukua vichache, na nitaanzia pale ambapo wengi wetu tulikutana navyo bila kujua: kwenye Biblia ya Kiswahili.

Hata Mwislamu aliyesoma shule ya misheni anamjua akida. Yuko akida wa Kapernaumu, aliyemwambia Yesu asijisumbue kuingia nyumbani kwake, kwa sababu yeye mwenyewe ni mtu aliye chini ya wakubwa na ana askari chini yake. Akimwambia huyu nenda, anakwenda. Yuko Kornelio, akida wa Kaisaria. Halafu wako maliwali: Pilato liwali, Feliki liwali, Festo liwali, Galio liwali, Sergio Paulo liwali. Na yuko jemadari, Klaudio Lisia, aliyemchomoa Paulo mikononi mwa umati pale Yerusalemu.

Waliotafsiri hawakuyaokota maneno hayo Roma. Waliyakuta hapa pwani. Liwali alikuwa mtu wa Sultani wa Zanzibar katika miji yetu. Mjerumani alipokuja, akaendelea kumtumia liwali mjini, na huko mashamba akawaweka maakida juu ya majumbe. Wazee wa hapa hawana haja ya kuelezwa akida alikuwa nani. Habari za kodi na za mashamba ya pamba walizipata kwa babu zao.

Mimi naisifu kazi ile. Msomaji wa wakati ule akisikia "liwali" alielewa papo hapo: huyu ni mkubwa wa mahali, ametumwa na mkubwa zaidi aliye mbali. Ila imetuachia fundo moja, na fundo hilo ndilo hotuba yangu. Maliwali wale watano hawakuwa na cheo kimoja. Galio na Sergio Paulo walikuwa maprokonsuli, watu wa Seneti, lile baraza kuu la Roma, wakubwa hasa. Pilato alikuwa prefekti, mtu wa tabaka la pili, lile la wapanda farasi. Tunalijua hilo kwa jiwe lililofukuliwa Kaisaria mwaka 1961, lenye jina lake na cheo chake. Feliki alikuwa prokureta, msimamizi wa kaisari, tena aliyewahi kuwa mtumwa akaachwa huru. Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, anasema Feliki alitumia mamlaka ya kifalme kwa roho ya kitumwa, maneno ya mwungwana mwenye dharau, tusiyameze bila kutafuna. Luka naye katika Kigiriki chake anawatenga: Galio na Sergio wana neno lao, Pilato na Feliki wana lao. Sisi tumewavika wote kanzu moja.

Kwa Mrumi tofauti hiyo ilikuwa na uzito, kwa sababu cheo cha Kirumi kilikuwa jibu la maswali manne. Nani amekupa? Mpaka lini? Mpaka wapi? Na nani anaweza kukuzuia? Unaamuru watu wangapi, hilo lilikuja baadaye. Vyeo vile vilibuniwa na watu waliokuwa wakiwaogopa majemadari wao wenyewe kuliko walivyomwogopa adui.

Warumi walisimulia kwamba mwaka 509 KK walimfukuza mfalme wao wa mwisho, Tarquinius, wakaapa hawatawaliwi tena na mfalme. Sawa, lakini vita havingoji. Lazima awepo mtu wa kuamuru jeshi. Basi ile nguvu ya mfalme waliyoiita imperium, haki ya kuamuru askari na hata kumwua anayekataa amri, wakaikabidhi kwa watu wawili kwa pamoja, kwa mwaka mmoja. Hao ndio makonsuli. Agizo la mmoja, mwenzake anaweza kulipinga likafa hapo hapo. Akina mama wa VICOBA mnanielewa haraka kuliko maprofesa: sanduku moja, kufuli zaidi ya moja, na funguo kwa watu tofauti. Hakuna anayesema fulani ni mwizi. Ni kwamba hatutaki kufika mahali pa kuuliza.

Konsuli alipotembea, mbele yake walitangulia watu 12 kwa mstari mmoja, maliktori, kila mmoja begani amebeba tita la fimbo lililofungwa kwa kamba nyekundu za ngozi, na katikati ya fimbo limechomekwa shoka. Pretori, aliye chini ya konsuli, alikuwa nao sita akiwa nje na mji. Dikteta, mtu wa dharura, 24. Ukitaka kujua cheo cha anayekuja hukuuliza; ulihesabu matita. Fimbo ni za mgongo, shoka ni la shingo. Na sasa angalieni ufundi wao: konsuli akiingia ndani ya mpaka mtakatifu wa mji, ulioitwa pomerium, mashoka yanachomolewa. Huko nje kwa askari, shoka. Humu mjini kwa raia, fimbo tu. Mtu ni yule yule, cheo ni kile kile, amevuka mstari tu.

Mfumo huu uliwahi kuwagharimu vibaya. Mwaka 216 KK, Hannibal, jemadari wa Karthago, mji wa Afrika ya kaskazini uliopigana na Roma, akiwa ndani ya Italia, makonsuli wote wawili walipelekwa na jeshi moja kubwa hadi Cannae: Aemilius Paullus na Terentius Varro. Kwa kuwa wako pamoja na wana nguvu sawa, desturi ilitaka waamuru kwa zamu, leo wewe kesho mimi. Paullus hakutaka kupigana pale. Ni uwanda, na Hannibal alikuwa na farasi wengi na wazuri. Siku ya Paullus jeshi likatulia. Ikafika siku ya Varro. Mwandishi wa Kigiriki Plutarchus anasema alfajiri ile kanzu nyekundu ilitundikwa juu ya hema la jemadari, ndiyo ishara ya vita. Kufikia jioni Roma ilikuwa imepoteza makumi ya maelfu ya watu. Paullus mwenyewe alikufa. Livius, mwanahistoria wa Roma, anahesabu matribuni wa kijeshi 29 waliolala uwanjani, maofisa ambao kila legioni, kikosi kikubwa cha jeshi, ilikuwa nao sita tu.

Varro aliokoka akarudi Roma. Mnadhani alifanywa nini? Watu wa kila tabaka walitoka kumlaki, wakamshukuru kwa kutoikatia tamaa nchi. Livius anaongeza kwamba angekuwa jemadari wa Karthago, hakuna adhabu ambayo angeiepuka. Nimesoma kisa hicho mara nyingi na kila mara nasita. Kuna upande wangu unaosema huu ni ujinga, mtu ameua jeshi zima. Lakini jemadari anayejua kwamba akishindwa atasulubiwa nyumbani ni jemadari hatari, hana sababu ya kurudi na jeshi lake kwa amani. Warumi walilijua hilo.

Cheo cha dikteta nitakipita mbio, maana jina limeharibika. Aliteuliwa wakati wa hatari, kwa miezi isiyozidi sita, kazi ikiisha anashuka. Cincinnatus, mwaka 458 KK kwa masimulizi yao, aliitwa akiwa shambani kwake analima, akashinda vita, akavua cheo siku ya 16 na kurudi kwenye jembe. Inawezekana wamekipaka rangi kisa hicho. Hata hivyo wamekipaka rangi upande gani? Upande wa mtu anayejua kuondoka.

Ule mstari wa mpaka wa mji una kisa kizuri zaidi. Jemadari aliyeshinda vita vikubwa aliweza kuomba maandamano ya ushindi, apite barabarani juu ya gari la farasi wanne, mateka na ngawira vikitangulia. Lakini akiwa anangoja ruhusa ya Seneti lazima akae nje ya mpaka, kwa sababu akivuka tu, imperium yake inakufa. Mwaka 60 KK Julius Caesar alirudi kutoka Hispania akiwa na haki ya maandamano hayo, na wakati huo huo akitaka kugombea ukonsuli. Kugombea kulitaka ajiandikishe mwenyewe, ana kwa ana, mjini. Yuko nje ya ukuta na mambo mawili mkononi, na siku ya mwisho imefika. Akaomba Seneti imruhusu kugombea akiwa hayupo. Hapo akasimama Cato, adui yake, na Seneti ilikuwa na desturi kwamba aliyepewa nafasi ya kusema hakatizwi, na kikao hufungwa jua likizama. Cato akaongea. Akaongea tena. Akaongea mpaka giza likaingia. (Mwenyekiti usinitazame hivyo, mimi nina saa moja tu.) Caesar akaacha maandamano, akavuka mstari kama raia wa kawaida, akagombea, akashinda. Aliposimama kwenye mto Rubicon, mpaka wa Italia, miaka 11 baadaye, mwaka 49 KK, akitakiwa tena kuweka jeshi chini kabla ya kuingia, alikuwa ameshafunzwa na Cato nini humpata anayetii.

Sasa ngazi yenyewe. Kijana wa familia kubwa hakurukia juu. Kwa sheria za Sulla, jemadari tutakayemkuta tena mbele, ukwestori ni kuanzia miaka 30, upretori 39, ukonsuli 42. Kwestori ndiye mwenye hesabu: mshahara wa askari, nafaka, risiti. Ni cheo cha chini kabisa kwenye ngazi hiyo, na kila anayekishika hudhani nchi nzima inamtazama.

Cicero, msemaji mashuhuri wa mahakamani, alikuwa kwestori Sicily mwaka 75 KK, akikaa Lilybaeum, upande wa magharibi wa kisiwa. Roma ilikuwa na shida ya chakula, naye akapeleka nafaka nyingi. Alipomaliza muda akapanda chombo kurudi, kichwa kimejaa, akiamini Roma haizungumzi kitu kingine. Akashukia Puteoli, mji wa pwani wenye maji ya moto, msimu ambao wakubwa wamejaa pale kupumzika. Mtu mmoja akamwuliza: umetoka Roma lini, na kuna habari gani? Cicero akajibu kwamba anatoka mkoani kwake. "Ah, kweli, Afrika, nadhani." Hapana, Sicily! Hapo mwingine, yule anayejua kila kitu, wako kila mahali watu hawa, akamwambia mwenzake: "Hujui? Huyu alikuwa kwestori Syracuse." Syracuse ni upande wa pili kabisa wa kisiwa. Cicero akanyamaza, akajifanya naye amekuja kuoga tu. Kisa hiki alikisimulia mwenyewe mahakamani miaka mingi baadaye, akasema kilimfundisha kwamba Warumi wana masikio mazito lakini macho makali, na tangu siku hiyo akahakikisha wanamwona kila siku.

Nimewapa wakubwa, tushuke kwa akida wetu, senturio. Jina lake lina maana ya mia, ila zama za makaisari kundi lake lilikuwa watu 80. Makundi sita yalifanya kohorti moja, kohorti kumi zikafanya legioni, kama askari 5,000. Wale pepo waliojiita Legioni kabla ya kuingia kwa nguruwe walikuwa wanataja hesabu hiyo.

Juu ya masenturio walikaa watu wa aina mbili tofauti kabisa. Kulikuwa na tribuni wa mstari mpana, aliyeitwa hivyo kwa mstari wa zambarau kwenye vazi lake, mtoto wa seneta, kijana ambaye ndevu ndiyo kwanza zinaota, na kwa cheo alikuwa wa pili katika legioni nzima. Wa tatu, chini ya kijana huyo, alikuwa prefekti wa kambi, mzee aliyepanda kutoka kuwa senturio, mwenye kovu kwa kila mwaka wa kazi. Nani alimpigia nani saluti, mnajua. Nani aliendesha kambi, pia mnajua. Wengi wenu mmefanya kazi maofisini.

Senturio hafanani sawasawa na cheo chochote cha jeshi letu. Anaongoza kikosi kama kapteni, ila kwa sauti na mkono ni sajini. Alama yake ni fimbo ya mzabibu, na haikuwa pambo. Tacitus anasimulia uasi wa mwaka 14 BK huko Pannonia, kaisari wa kwanza, Augustus, alipokufa. Askari walilalamika kwamba roho zao na miili yao vimethaminiwa sarafu kumi za shaba kwa siku. Katika vurugu hizo walimwua senturio mmoja, Lucilius, ambaye walikuwa wamempa jina la utani "Leta Nyingine". Kila alipomvunjia askari fimbo mgongoni, alipaza sauti: leta nyingine! Kisha nyingine tena. Mtu akiniuliza imperium ni nini, yale mashoka ya konsuli nayaweka pembeni, namtajia fimbo ya Lucilius. Ni nguvu ile ile imeshuka ngazi kwa ngazi mpaka imefika kwenye ngozi ya mtu.

Na kabla hatujawachukia wote, yuko Marcus Caelius. Jiwe lake la kaburi liko katika makumbusho ya Bonn, Ujerumani. Alikuwa wa legioni ya 18, moja ya zile tatu zilizoangamia pamoja na jemadari wao Varus katika misitu ya Ujerumani mwaka 9 BK, akiwa na miaka 53. Amechongwa akitazama mbele, nishani zimejaa kifuani, fimbo ya mzabibu mkononi, na kila upande wake yuko mtumwa wake aliyemwacha huru: Privatus na Thiaminus, kwa majina yao. Jiwe lilisimamishwa na ndugu yake.

Turudi kwenye yale maswali manne, maana ndipo mambo yalipoharibika. Swali la kwanza kulegea lilikuwa "mpaka lini". Mwaka 327 KK konsuli Publilius Philo alikuwa ameuzingira mji karibu na Napoli ya leo, muda wake unakwisha, mji haujaanguka. Kumrudisha ni hasara. Wakaamua aendelee, awe pro consule, yaani mahali pa konsuli. Ni uamuzi wa busara kabisa, mimi na nyinyi tungepiga kura ya ndiyo. Ndiyo mwanzo wa maprokonsuli wote, mpaka kwa Galio wa Korintho. Baadaye vita vikahamia Hispania, Afrika na Asia, safari ni za miezi, na mwaka mmoja ukawa mzaha. Jemadari akikaa na askari miaka mitano, minane, askari wanaacha kuwa wa Roma, wanakuwa wake. Mwaka 82 KK Sulla akajifanya dikteta bila ukomo, ingawa alijiuzulu mwenyewe. Caesar akawa dikteta wa maisha mapema mwaka 44 KK. Maisha hayo yalikwisha tarehe 15 Machi.

Augustus alikuwa mjanja kuliko wote. Jina la dikteta alilikataa. Makonsuli wakaendelea kuwepo, maliktori wao 12 mbele. Yeye alijichukulia nguvu za vyeo bila vyeo vyenyewe: amri ya prokonsuli juu ya mikoa yenye majeshi, na mwaka 23 KK mamlaka ya tribuni wa raia, mtetezi wa watu wa kawaida, si yule tribuni wa jeshi, pamoja na haki ya kupinga lolote. Katika mikoa yake hakupeleka prokonsuli. Alipeleka legati, naibu, mtu anayeamuru kwa niaba. Hata kama naibu huyo amewahi kuwa konsuli, mbele yake walitembea maliktori watano. Hesabuni matita: kutoka 12 mpaka matano. Misri, ghala la nafaka, haikupewa seneta kabisa. Ilipewa prefekti wa tabaka la pili, na maseneta walikatazwa hata kukanyaga huko bila ruhusa. Mwaka 19 KK Balbus alifanya maandamano ya ushindi baada ya kuwapiga Wagaramante, watu wa jangwa la Libya ya leo. Baada yake hakuna mtu nje ya familia ya kaisari aliyepewa tena. Naibu akishinda, ameshinda kaisari. Hata neno imperator, ambalo zamani askari walimpigia kelele jemadari yeyote kwenye uwanja wa ushindi, likawa la mmoja. Sisi tungesema Amiri Jeshi Mkuu. Na Caesar, jina la ukoo tu, likawa cheo, mpaka Mjerumani akaja nalo hapa akiita Kaiser.

Namalizia na barua moja. Karibu mwaka 110 BK kaisari Traianus alimpeleka Plinius kutawala Bithinia, kaskazini mwa Uturuki ya leo. Plinius alikuwa mwanasheria maarufu, amewahi kuwa konsuli. Mji wa Nikomedia ukashika moto. Zikaungua nyumba nyingi, jumba la baraza la wazee na hekalu la Isis, ingawa barabara ilipita kati. Plinius anamwandikia bosi wake kwamba watu walisimama wakitazama, na mji mzima haukuwa na bomba la kupulizia maji wala ndoo moja ya umma. Anaomba ruhusa ya kuunda kikosi cha zimamoto, watu 150. Anaahidi atachagua mafundi tu, na kwa kuwa ni wachache haitakuwa vigumu kuwachunga.

Konsuli mstaafu, mtawala wa mkoa, anaomba wazimamoto 150, na anajitetea mapema.

Traianus akajibu: hapana. Akamkumbusha kwamba miji ile imekwisha kusumbuliwa na vikundi vya namna hiyo, na kwamba watu wakikusanyika, kwa jina lolote na sababu yoyote, haichukui muda wanageuka chama. Bora, akasema, ziwekwe zana za kuzimia moto, wenye nyumba waambiwe wazime wenyewe, na ikibidi wautumie umati unaokuja kutazama.

Mwenyekiti, saa yangu imekwisha, na yule kijana wa mlangoni ameinua mkono tangu nilipokuwa kwa Cato. Tumpe nafasi aulize.